Pete, kirekodi mwanga au unyoya: njia ipi itakufaa kumfuatilia ndege mwimbaji ahamaye

Katika miezi ya Novemba na Desemba, usiku usio na mbalamwezi, ukungu unaposhuka juu ya kilima cha Ngulia katika Hifadhi ya Taifa ya Tsavo Magharibi, taa za hoteli iliyojengwa pale ukingoni mwa genge huwavuta ndege wadogo kwa maelfu. Hao ni wageni kutoka Ulaya na Asia wanaosafiri usiku kuelekea kusini, na ukungu ukiwafunika huuzunguka mwanga hadi wakachoka na kushuka vichakani. Tangu mwaka 1969 wavishaji pete, ambao kwa miaka mingi waliongozwa na Graeme Backhurst na David Pearson, wamekuwa wakiwanasa kwa nyavu nyembamba, wakiwapima bawa na uzito, wakiwafunga pete mguuni na kuwaachia. Ukimshika mmoja wao, tuseme yule mdogo wa kahawia ambaye wanasayansi humwita Acrocephalus palustris, unahisi kiumbe chenye uzito wa gramu 12 hivi, sawa na vijiko vitatu vya chai vya sukari. Ukimpuliza manyoya ya kifuani unayaona chini ya ngozi mafuta ya rangi ya manjano, ambayo ndiyo akiba yake ya safari. Hapo swali huja lenyewe: ametoka wapi, na Januari itamkuta wapi?

Leo zipo njia nyingi za kulijibu swali hilo, na kila moja ina watetezi wake. Ulinganisho huu umeandikwa kwa ajili ya mtu anayetakiwa kuchagua: mwanafunzi wa chuo kikuu anayeandaa pendekezo la utafiti, mhifadhi wa makumbusho, au kikundi cha wapenzi wa ndege chenye fedha kidogo na ari kubwa. Msimamo wangu nautaja mapema ili msomaji aupime kadiri anavyoendelea. Naamini wengi huanzia mahali pasipofaa, kwa kuuliza ni kifaa kipi kilicho kipya zaidi, ilhali jambo linaloamua ni kama ndege yule yule utamshika tena, na utamshikia wapi. Sisi wa Afrika Mashariki tuko katikati ya njia yao na kwenye mwisho wa safari yao, hatuko penye viota. Tena tuko karibu na ikweta. Mambo hayo mawili yanaugeuza sana ulinganisho ambao kwa kawaida huandikwa na watu wanaofanya kazi Ulaya na Amerika ya Kaskazini.

Mizani kwanza

Uzito wa ndege huondoa baadhi ya njia hata kabla hujafikiria fedha. Kanuni inayofuatwa na watafiti wengi ni kwamba mzigo wote, yaani kifaa pamoja na kamba zake, usizidi asilimia 3 hadi 5 ya uzito wa ndege. Kwa yule Acrocephalus wa gramu 12, hiyo ni kati ya gramu 0.36 na 0.6. Mbayuwayu wa kaskazini, Hirundo rustica, mwenye gramu 19 hivi, anaweza kubeba gramu 0.6 hadi 0.95. Mbwigu mwenye mgongo mwekundu, Lanius collurio, anayefika karibu gramu 30, anaweza kubebeshwa gramu 0.9 hadi 1.5. Ukijua kwamba visambazaji vyepesi zaidi vinavyowasiliana na setilaiti viko karibu na gramu 2, unaona mara moja kuwa ndege wote watatu hawamo katika hesabu hiyo, hata kama mfadhili yuko tayari kulipa.

Uzito nao si jambo pekee. Kifaa kikikaa mgongoni huongeza upinzani wa hewa, na kamba iliyofungwa vibaya huchubua ngozi au kubana msuli ambao wakati wa kujaza mafuta huvimba. Uchambuzi mkubwa uliotolewa mwaka 2020 na Vojtěch Brlík na wenzake, uliokusanya matokeo ya tafiti nyingi za virekodi mwanga (vifaa vidogo vinavyoandika mwanga wa jua, nitavieleza hapa chini) kwenye ndege wadogo, ulionyesha kuwa madhara kwa ujumla ni hafifu, lakini yapo, hasa katika idadi ya ndege wanaorudi. Kwa sababu hiyo mimi siamini utafiti wowote wa vifaa ambao hauna kundi la ndege waliovishwa pete tu, walioshikwa mahali pale pale na msimu ule ule, ili marudio ya makundi mawili yalinganishwe. Anayesema hana nafasi ya kuwa na kundi hilo bora apunguze idadi ya vifaa.

Pete ikilinganishwa na kirekodi mwanga

Ulinganisho wenye uzito zaidi ni huu, kwa kuwa ndiyo njia mbili ambazo mtu wa kawaida anaweza kuzimudu.

Pete ndiyo kongwe. Mwalimu wa Denmark, Hans Christian Mortensen, alianza mwaka 1899 mjini Viborg kuwafunga kwezi pete zenye namba na anwani, na wazo hilo halijabadilika tangu hapo: namba moja, ndege mmoja, na matumaini kwamba mtu mwingine ataisoma. Mbayuwayu aliyevishwa pete Staffordshire, Uingereza, Mei 1911, aliingia katika nyumba ya shambani huko Natal, Afrika Kusini, Desemba 1912, na pete yake ikasomwa. Namba hiyo moja ilithibitisha jambo lililokuwa likibishaniwa kwa vizazi, kwamba mbayuwayu wa Uingereza huvuka Afrika nzima.

Hata hivyo matumaini hayo ni finyu. Kwa ndege wadogo waimbaji, wanaopatikana tena mbali na pale walipovishwa pete ni chini ya mmoja kwa kila mia, na kwa wale wanaokuja Afrika uwiano huo hushuka zaidi. Sababu yake si ndege peke yao. Pete husomwa pale penye watu wanaojua kuwa ina maana. Katika vijiji vyetu mtoto anayemnasa ndege kwa ulimbo akaikuta pete huiona kuwa kipambo, naye hana kosa, kwa kuwa hakuna aliyemweleza kwamba namba ile inasubiriwa na mtu. Ramani ya pete zilizopatikana, kwa hiyo, huonyesha njia ya ndege na pia mahali penye wasomaji wa pete, na mtafiti asiyekumbuka hilo ataandika kuwa ndege hawapiti Sudan Kusini kwa sababu tu hakuna aliyeripoti kutoka huko.

Pamoja na hayo yote, pete ina fadhila ambazo kifaa hakina. Haina uzito wa kuhesabika, hudumu maisha yote ya ndege, na bei yake inaruhusu kuwavisha ndege kwa maelfu. Kazi ya Ngulia imefikia mamia ya maelfu ya ndege, na kutokana nayo zimepatikana pete zilizounganisha kilima kile na nchi zilizotawanyika kuanzia rasi ya Arabia hadi Ulaya ya mashariki na Urusi. Zaidi ya hapo, kila ndege aliyeshikwa ameacha kumbukumbu ya umri, urefu wa bawa, kiasi cha mafuta na hali ya manyoya. Mtu akitaka kujua kama makinda ya mwaka huu ni wachache kuliko ya mwaka uliopita, au kama ndege wanafika wamekonda kuliko zamani, hakuna kifaa kitakachomjibu vizuri kuliko nyavu zilizowekwa mahali pale pale, wiki zile zile, kwa miaka mingi.

Kirekodi mwanga, ambacho wataalamu hukiita jiolokata, ni kitu cha namna nyingine kabisa. Ni saa ndogo yenye kihisi cha mwanga na kumbukumbu, basi. Jinsi kinavyofanya kazi inaeleweka kwa yeyote aliyewahi kufunga Ramadhani na kumpigia simu ndugu aliye mkoa mwingine. Mkazi wa Dar es Salaam hufuturu karibu dakika 40 kabla ya mkazi wa Kigoma, ingawa saa zao zinasoma sawa, kwa sababu kila nyuzi moja ya longitudo humaanisha dakika 4 za mzunguko wa dunia. Kirekodi kikijua jua limechomoza na kuchwa saa ngapi, mtafiti hukokotoa mchana wa kati na kupata longitudo. Kisha hupima urefu wa mchana na kupata latitudo, kwa kuwa mwezi Juni mchana wa Stockholm ni mrefu kuliko wa Cairo, na wa Cairo ni mrefu kuliko wa Dodoma. Saa mbili za jua zinatosha kukupa nukta moja kwa kila siku, mwaka mzima, kwa kifaa kinachoweza kuwa na uzito wa nusu gramu.

Matokeo yake yamekuwa ya kustaajabisha. Bridget Stutchbury na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2009, walimfuatilia mbayuwayu wa zambarau aliyetoka bonde la Amazon akarudi Pennsylvania kwa siku 13, umbali wa kilomita 7,500, mwendo ambao hakuna aliyekuwa ameukadiria. Mwaka 2012 Franz Bairlein na wenzake walitoa habari inayotuhusu moja kwa moja. Walikuwa wamevifunga virekodi kwenye Oenanthe oenanthe, ndege wa gramu 25 ambaye kwetu huonekana kwenye nyasi fupi akisimama wima juu ya jiwe na kutikisa mkia. Ndege wa Alaska walivuka Asia yote na kuja kukaa Afrika Mashariki, safari ya kilomita takriban 14,500 kwa upande mmoja, wakitumia wastani wa siku 91 kuja na siku 55 kurudi. Pete, hata zingekuwa milioni, zingeweza kutupa ncha mbili za safari hiyo. Siku zile 91 zisingejulikana.

Mfano ambao mimi huupa uzito kuliko huo ni wa ukame wa mwaka 2011 katika Pembe ya Afrika. Watafiti wa Skandinavia, Anders Tøttrup akiwa miongoni mwao, walionyesha mwaka 2012 kwamba mbwigu wenye mgongo mwekundu na Luscinia luscinia, yule ndege wa kahawia mwenye wekundu mkiani anayejificha vichakani, walichelewa kufika Ulaya ya kaskazini majira yale kwa sababu walikaa muda mrefu zaidi katika Pembe ya Afrika wakitafuta chakula cha kujaza akiba. Nchi iliyowakausha mifugo wa wafugaji wa Somalia na kaskazini mwa Kenya ilichelewesha pia nyimbo za majira ya kuchipua huko Denmark na Sweden. Habari hiyo isingeweza kuonekana bila kifaa kinachoandika kila siku.

Lakini hapa ndipo ulinganisho unapogeuka. Kirekodi mwanga hakitumi chochote. Kila kilichoandikwa kimo ndani yake, na usipomshika tena ndege yule yule umepoteza kifaa, fedha na habari. Katika kazi ya Bairlein vilifungwa virekodi 46, vikapatikana 4. Hao walikuwa ndege waliofungwa kwenye viota vyao, mahali ambapo ndege mzima hurudi kwa uaminifu mkubwa. Sasa fikiria kumfunga ndege apitaye Ngulia, aliyekaa pale kwa saa chache kwa sababu ya ukungu tu: uwezekano wa kumshika tena mwaka unaofuata uko karibu na sifuri. Nimewahi kusoma pendekezo la mwanafunzi aliyetaka kununua virekodi 50 kwa ajili ya ndege wapitao njia, na kwa dhati kabisa nilimshauri auze wazo hilo kwa mtu aliye Ulaya, yeye abaki na nyavu na pete.

Tatizo la pili ni la ikweta, nalo huandikwa kwa ufupi mno katika maelezo ya vifaa hivi. Mjini Nairobi tofauti kati ya mchana mrefu kabisa wa mwaka na mchana mfupi kabisa ni dakika 9 hivi. Stockholm, urefu wa mchana huanzia saa 6 hivi mwezi Desemba hadi zaidi ya saa 18 mwezi Juni. Kifaa kinachopima latitudo kwa urefu wa mchana kina ngazi ndefu ya kushika kule kaskazini, na hapa kwetu karibu hakina. Karibu na tarehe 21 Machi na 23 Septemba, usiku na mchana unapolingana duniani kote, latitudo hupotea kabisa kwa wiki kadhaa, na wiki hizo ndizo ndege wengi wako njiani. Ongeza kivuli: ndege akaaye ndani ya kichaka kizito huiona alfajiri kuchelewa na magharibi kuwahi, na kifaa humsogeza mamia ya kilomita kutoka alipo. Longitudo hubaki ya kuaminika. Latitudo ya ndege aliye kati ya Mbeya na Marsabit isichorwe kama nukta, ichorwe kama ukanda.

Dawa ya tatizo hilo imepatikana miaka ya karibuni, nayo ni kupima kanieneo ya hewa. Virekodi vya aina hiyo huandika shinikizo la hewa mara kadhaa kwa saa, na Raphaël Nussbaumer na wenzake wa taasisi ya ndege ya Sempach, Uswisi, walichapisha mwaka 2023 njia ya kulinganisha maandishi hayo na kumbukumbu za hali ya hewa za dunia nzima hadi mahali panapolingana papatikane. Kanieneo haijali ikweta wala kivuli cha kichaka. Virekodi hivyo hivyo ndivyo vilivyoonyesha, katika utafiti wa Sissel Sjöberg na wenzake wa mwaka 2021, kwamba Acrocephalus arundinaceus wa Sweden, ndugu mkubwa wa yule wa gramu 12, anapovuka Sahara hupanda mchana hadi zaidi ya mita 5,000, na mmoja alifika mita 6,267, juu kuliko kilele cha Kilimanjaro. Ubaya wake ni uzito, unaozidi kidogo gramu 1, kwa hiyo ni vya mbwigu na wenzake wa ukubwa huo. Yule wa gramu 12 bado hawezi kuvibeba. Lakini kwa mtu anayefanya kazi kusini mwa Addis Ababa na kaskazini mwa Lusaka, nadhani kununua kirekodi kinachopima mwanga peke yake, kama ndege anaweza kubeba kile cha kanieneo, ni kujinyima.

GPS, setilaiti na redio

Kifaa cha GPS cha gramu 1 hivi kinachohifadhi habari kinakupa mahali kwa usahihi wa mita chache. Michael Hallworth na Peter Marra walikitumia kwa ndege waimbaji wa Marekani wenye takriban gramu 20 na kutoa matokeo mwaka 2015. Waliweza kusema ndege alikaa katika msitu gani, jambo ambalo kirekodi mwanga hakiwezi. Bei ya usahihi huo ni idadi ya nukta: betri hutoa makumi ya nukta tu, kwa hiyo ni lazima uamue kabla ni tarehe zipi unazitaka. Nacho pia kinahitaji ndege ashikwe tena. Ninakipendekeza kwa swali moja tu, la makazi: ndege huyu anatumia shamba la mkonge, pori la migunga au ukingo wa mto? Kwa swali la njia, nukta zake ni chache mno.

Setilaiti ni kwa ndege wakubwa zaidi, na naitaja kwa sababu habari zake huwavutia watu hadi wakadhani kila ndege anaweza kufuatiliwa hivyo. Kekeo aliyeitwa Onon, aliyefungwa kisambazaji nchini Mongolia mwaka 2019, alikwenda Zambia na kurudi, zaidi ya kilomita 26,000 na nchi 16, na watu walimfuatilia karibu siku kwa siku. Lakini kekeo ana uzito wa gramu 100 na zaidi, naye si katika ndege waimbaji. Mradi wa ICARUS, ulioongozwa na Martin Wikelski wa Taasisi ya Max Planck na kutumia antena iliyokuwa kwenye kituo cha anga cha kimataifa, ulikuwa na vifaa vya gramu 5, na mawasiliano yake yalikatika mwaka 2022 baada ya vita vya Ukraine kuanza. Anayetegemea setilaiti anategemea pia watu na mataifa yanayoimiliki.

Redio ndiyo mshindani wa kweli wa kirekodi mwanga kwa ndege wadogo sana. Mtandao wa Motus, ulioanzishwa Kanada na kuendeshwa na Birds Canada, hutumia visambazaji vyenye uzito unaoanzia chini ya gramu 0.3, vyote vikisikika kwa masafa yaliyokubaliwa, na minara ya kupokea iliyowekwa na watu mbalimbali. Ndege akipita ndani ya kilomita 15 au 20 za mnara, jina lake huandikwa. Huhitaji kumshika tena, na hiyo ni neema kubwa. Tatizo ni kwamba minara mingi mno iko Amerika ya Kaskazini, na barani Afrika ni michache sana. Ndege aliyefungwa kisambazaji Finland akivuka Mediterania huingia katika kimya. Kwa mtu wa kwetu swali si kufunga visambazaji, bali ni kusimamisha minara. Mnara mmoja juu ya kilima kama Ngulia na mwingine pwani, kwa mfano Watamu ambako A Rocha Kenya wamevisha ndege pete kwa miaka mingi, ungeanza kuwasikia ndege waliofungwa na wengine, na gharama ya kumshika ndege ingekuwa yao.

Unyoya unaobeba mvua ya mahali ulipoota

Njia hii naipenda kuliko umaarufu wake. Unyoya ukishakua hauna damu tena wala haubadiliki. Haidrojeni iliyomo ndani yake imetokana na maji na chakula cha mahali ulipoota, na kiasi cha isotopu nzito ya haidrojeni, yaani haidrojeni yenye atomi nzito kuliko ya kawaida, katika mvua hutofautiana kutoka eneo hadi eneo. Tangu mwaka 1997, Keith Hobson na Leonard Wassenaar walipoonyesha kuwa ndege wa Amerika ya Kaskazini wanaweza kupangwa kwa mikanda ya latitudo kutokana na manyoya yao, njia hii imetumika duniani kote. Unamshika ndege mara moja tu, unakata kipande cha unyoya, unamwachia. Hakuna mzigo, hakuna haja ya kumsubiri mwaka ujao, na kila ndege uliyemshika anakuwa jibu. Si wanne kati ya 46, bali 46 kati ya 46.

Kinachotakiwa kujulikana vizuri ni wapi aina hiyo ya ndege hubadilisha manyoya. Mbayuwayu hubadilisha manyoya ya mabawa akiwa Afrika, kwa hiyo unyoya wa bawa uliokatwa Denmark mwezi Mei unasimulia habari za kusini mwa Sahara. Kinda la mwaka huo huo likishikwa Tsavo mwezi Novemba bado limevaa manyoya liliyootea kiotani, na unyoya wake unasimulia habari za kaskazini. Hapo ndipo sisi tulio katikati ya njia tunapata faida ambayo aliye kwenye kiota hana: tunaweza kuuliza makinda yote ya usiku mmoja wa ukungu wametoka mikanda gani ya Ulaya na Asia. Upungufu wake ni ukubwa wa jibu. Litakuwa ukanda wenye upana wa mamia ya kilomita, na kwa upande wa Afrika mpangilio wa haidrojeni katika mvua hauna ngazi zilizo wazi kama za Amerika ya Kaskazini, hata ikabidi watafiti waongeze kaboni na naitrojeni ili kutofautisha nyika na msitu. Lazima pia uwe na maabara, na sampuli zinazovuka mipaka zinahitaji vibali vyake.

Naongeza hapa jambo ambalo si njia ya kununuliwa, ila linastahili kujulikana. Françoise Dowsett-Lemaire, katika utafiti wa mwaka 1979 uliofanywa Ubelgiji, aliusikiliza wimbo wa Acrocephalus palustris na kugundua kwamba dume mmoja huiga kwa wastani sauti za aina 76 za ndege, na zaidi ya nusu yao ni ndege wa Afrika, wengi wao wa mashariki mwa bara. Kinda hujifunza sauti hizo katika safari yake ya kwanza, kisha huziimba karibu na mto wa Ulaya mwaka unaofuata. Mtu aliyekulia Voi akisimama pale angewatambua majirani zake.

Rada na ramani za waangalizi

Rada za hali ya hewa huona wingi wa ndege warukao usiku, urefu wao angani na upande wanakoelekea, lakini haziwezi kumtambua ndege ni wa aina gani. Kwa eneo letu, ambako rada ni chache, nazipita bila kukawia. Orodha za waangalizi ni jambo jingine. Kenya Bird Map hugawa nchi katika miraba ya dakika 5 kwa dakika 5, yaani kama kilomita 9 kwa 9, na eBird, iliyoanzishwa mwaka 2002 na maabara ya ndege ya Chuo Kikuu cha Cornell, hupokea orodha kutoka popote. Hazisemi ndege mmoja alikwenda wapi. Zinasema aina nzima ilifika lini na iliondoka lini, na kama ilikuja na kaskazi mapema au ilichelewa hadi mvua za vuli zilipokwisha. Kwa shule au kikundi kisicho na kibali cha kushika ndege, hii ndiyo njia pekee iliyo wazi kuanzia kesho asubuhi, na ni ya thamani kweli, mradi orodha iandikwe pia siku ambayo ndege hakuonekana.

Nani achukue ipi

Mwanafunzi aliye Ulaya, na wapo Waswahili wengi wanaosoma huko, ana bahati ya kuwa karibu na viota. Yeye achukue virekodi, vya kanieneo kama ndege ni mbwigu au mkubwa zaidi, vya mwanga kama ni mdogo, na apange miaka miwili kamili: mmoja wa kufunga, mmoja wa kushika tena. Asome matokeo yake ya Afrika kwa tahadhari niliyoitaja, na awasiliane na watu wa huku kabla hajaandika kwamba ndege wake alikaa Tabora.

Mtu anayefanya kazi mahali ndege wanapopita, kama Ngulia, achukue pete na unyoya kwa pamoja. Pete ataifunga vyovyote vile. Unyoya ni dakika moja ya ziada kwenye meza ile ile ya kupimia, na unaweza kuhifadhiwa kwenye bahasha ya karatasi kwa miaka hadi fedha za maabara zipatikane. Makumbusho yana nafasi kama hiyo hiyo tayari ndani ya droo zake, kwa kuwa ngozi za ndege waliokusanywa miongo mingi iliyopita bado zina manyoya yanayoweza kupimwa.

Anayeishi mahali ndege hao hukaa miezi yote ya kaskazi, iwe bustani ya Arusha au kichaka cha Kitui, yuko katika hali ya tatu, nayo ndiyo inayonivutia zaidi. Baadhi ya ndege hawa hurudi kwenye kichaka kile kile mwaka hadi mwaka, na huyo anaweza kufungwa kirekodi hapa hapa kwetu, tukaijua safari yake kuanzia upande huu. Lakini asianze na kirekodi. Misimu miwili au mitatu ya mwanzo afunge pete za rangi, mbili kila mguu, ili ndege asomwe kwa darubini bila kushikwa tena, na ahesabu wangapi kati ya kila 10 wamerudi. Wakirudi watatu au zaidi, virekodi 20 vinaweza kuleta safari tano au sita kamili. Akirudi mmoja au asirudi hata mmoja, abaki na pete na unyoya.

Vibali vishughulikiwe mapema katika hali zote tatu. Tanzania utafiti hupitia COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, na TAWIRI, Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori, na Kenya hupitia NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, pamoja na mamlaka za wanyamapori. Barua inayotumwa Julai ndiyo inayomruhusu mtu kutandaza nyavu Novemba. Mafunzo ya kuvisha pete nayo huchukua misimu, kwa kuwa kumtoa ndege wa gramu 12 kwenye wavu gizani, miguu kwanza, bila kumvunja unyoya, ni kazi ya vidole ambayo hujifunzwa ukiwa umesimama kando ya aliyeizoea.